Askari wa Kudumu au Askari wa Akiba? Swali Gumu Fedha za Ulinzi Zipunguapo

Tarehe 5 Julai, 2012, Bwana Philip Hammond, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, alisimama Bungeni mjini London akatoa habari ambazo askari wengi walikuwa wakizingojea kwa wasiwasi. Jeshi la kudumu la nchi kavu, lililokuwa na askari wapatao 102,000, lingepunguzwa hata kufikia 82,000 ifikapo mwaka 2020. Ili kuziba pengo hilo, askari wa akiba wangeongezwa mpaka wapatikane 30,000 waliokwisha kufuzu mafunzo yao.

Habari hizo zilizusha mabishano makali. Wengine walisema kwamba Serikali imefanya busara, kwa maana nchi yenye deni haiwezi kulisha jeshi kubwa lisilo na vita ya kupigana. Wengine walisema kwamba huko ni kuuza ng'ombe wa maziwa kwa tumaini la kupata ndama ambaye hajazaliwa. Mabishano hayo yanafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hayahusu Uingereza peke yake. Kila nchi yenye jeshi hufika siku moja mahali ambapo fedha ni chache na haja ni nyingi, ikalazimika kuuliza: Je, ni heri kuwa na askari wachache walio tayari siku zote, au wengi ambao huitwa siku ya hatari?

Wazee wa pwani wana methali isemayo, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Hapo kale pembe ilipopigwa, kila mwanamume aliacha jembe lake au wavu wake akaja na silaha yake. Jeshi la akiba la leo ni mgambo uleule, ila umeandikwa katika sheria na kupewa mavazi rasmi. Swali lililobaki ni kama mwenye jembe akifika atakuwa anajua kazi inayomngoja.

TOFAUTI ZAO

Askari wa kudumu ni mtu ambaye kazi yake ni uaskari. Hulala kambini au katika nyumba ya jeshi, hupokea mshahara mwezi hata mwezi, hutibiwa na jeshi, na akimaliza muda wake hupata malipo ya uzeeni. Kila siku yu katika mazoezi, au analinda, au anatunza silaha. Akiambiwa leo kwamba kesho ataondoka kwenda ng'ambo, hana budi kwenda.

Askari wa akiba ni wa namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Namna ya kwanza ni yule aliyekuwa askari wa kudumu, akamaliza muda wake, akarudi nyumbani huku bado amefungwa na ahadi ya kurudi akiitwa. Desturi hii iliwekwa katika Uingereza na Bwana Edward Cardwell, Waziri wa Vita, kwa sheria ya mwaka 1870. Kabla ya hapo askari alitumikia miaka mingi mpaka nguvu zake zikaisha. Kwa sheria ile mpya aliandikishwa kwa miaka 12, sehemu yake jeshini na sehemu iliyobaki katika akiba.

Namna ya pili ni mtu wa kujitolea ambaye pengine hajapata kuwa askari wa kudumu hata siku moja. Yeye ni karani, mwalimu, fundi wa magari, daktari au mwuza duka. Hukutana na wenzake jioni fulani za juma na baadhi ya siku za Jumamosi na Jumapili, na mara moja kwa mwaka huenda kambini kwa muda wa majuma mawili hivi. Hulipwa kwa siku alizofanya kazi, na akitimiza masharti yote hupewa tunzo ya fedha mwisho wa mwaka.

Yafaa msomaji aikumbuke tofauti hiyo, kwa maana wa kwanza ni chuma kilichokwisha kufuliwa kikawekwa ghalani, na wa pili ni chuma ambacho bado hakijamaliza kufuliwa.

HESABU YA HAZINA

Ni rahisi kuona kwa nini watu wa Hazina humpenda askari wa akiba. Katika siku za amani hahitaji nyumba, wala chakula cha kila siku, wala shule ya watoto wake, wala nauli ya kuhamishwa kutoka kambi hii mpaka ile. Mshahara wake mkubwa hulipwa na tajiri wake, si na Serikali. Kwa sababu hiyo batalioni ya akiba ikiwa nyumbani hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya batalioni ya kudumu.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili ambao mara nyingi hausomwi kwa sauti. Siku askari wa akiba aitwapo vitani, gharama yake hupanda mara moja ikakaribia ile ya mwenzake wa kudumu. Lazima alipwe kama askari, na kama mshahara wake wa nyumbani ulikuwa mkubwa zaidi, tofauti hutafutiwa njia ya kulipwa. Lazima afundishwe tena kwa majuma au miezi kabla hajapelekwa. Tajiri aliyeachwa bila mfanyakazi naye hudai kitu. Vilevile bunduki, magari na redio havijui kama anayevitumia ni wa kudumu au wa akiba. Bei yake ni ileile. Nchi inayowapa askari wa akiba vyombo vilivyochakaa kwa ajili ya kuokoa fedha imeokoa fedha, lakini haikupata askari.

Kwa hiyo akiba ni rahisi kwa nchi isiyotazamia kuitumia mara kwa mara. Kwa nchi inayopeleka majeshi nje kila mwaka, urahisi huo hupungua sana.

JARIBIO LA BWANA HALDANE

Jambo hili si geni. Mnamo Desemba 1905 Bwana Richard Haldane, mwanasheria aliyependa sana elimu ya falsafa, alifanywa Waziri wa Vita wa Uingereza. Vita ya Afrika Kusini ilikuwa imekwisha mwaka 1902 na kuacha gharama kubwa, na chama chake kilitaka matumizi ya jeshi yapunguzwe. Haldane aliahidi kuyaweka makadirio ya mwaka chini ya pauni milioni 28.

Njia aliyoichagua ilikuwa ya akili. Alipunguza baadhi ya batalioni za kudumu, akazipanga zilizobaki ziwe jeshi la kwenda ng'ambo lenye divisheni sita za askari wa miguu na moja ya wapanda farasi. Nyuma yake aliunganisha vikundi vya kujitolea vilivyokuwa vimetawanyika huku na huku, akavifanya jeshi moja lililoitwa Territorial Force, lenye divisheni 14. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1907, na jeshi hilo likaanza tarehe 1 Aprili, 1908. Kazi lililopewa ilikuwa kulinda nchi nyumbani. Haldane alitumaini kwamba vita ikija watapata miezi sita ya kufundishwa kabla ya kukabili adui.

Vita ilikuja Agosti 1914, na haikutoa miezi sita. Jeshi dogo la kudumu lilivuka bahari kwenda Ufaransa, na katika safu zake zaidi ya nusu ya watu walikuwa askari wa akiba wa ile namna ya kwanza, yaani waliowahi kutumika na sasa wameitwa kutoka makazini mwao. Bila watu hao wa desturi ya Cardwell, batalioni zisingejaa.

Ama wale Territorial, Bwana Mkubwa Kitchener, Waziri mpya wa Vita, hakuwaamini sana; alipendelea kuandikisha majeshi mapya kabisa. Hata hivyo askari wa jeshi la kudumu walipouawa kwa wingi, hao makarani na mafundi ndio waliopatikana kwanza. Tarehe 31 Oktoba, 1914, batalioni ya London Scottish iliingia vitani huko Messines katika Ubelgiji, ikiwa ya kwanza ya askari wa miguu wa Territorial kupigana, ikapoteza mamia ya watu. Batalioni nyingine nyingi zilifuata. Mpango wa Haldane uliiokoa nchi, lakini uliiokoa kwa damu ya watu walioahidiwa miezi ya mafunzo ambayo hawakuipata.

FUNZO CHUNGU LA MWAKA 1940

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Uingereza iliweka kanuni mwaka 1919 kwamba matumizi ya majeshi yakadiriwe kana kwamba hakutakuwa na vita kubwa kwa miaka kumi. Kanuni hiyo iliachwa mwaka 1932. Katika miaka hiyo jeshi la kudumu na la akiba yote mawili yalikaa na njaa.

Hatari ya Ujerumani ilipodhihirika, Serikali ilitafuta njia ya haraka. Mwezi wa Machi 1939 Bwana Leslie Hore-Belisha, Waziri wa Vita, alitangaza kwamba jeshi la akiba, ambalo sasa liliitwa Territorial Army, litaongezwa kutoka watu 130,000 mpaka 170,000, kisha idadi hiyo izidishwe mara mbili iwe 340,000. Juu ya karatasi jeshi liliongezeka kwa siku moja. Lakini walimu wa kuwafundisha watu hao hawakuwapo, bunduki hazikutosha, mizinga haikutosha, na majengo hayakutosha.

Matokeo yake yalionekana mwaka uliofuata. Divisheni tatu za Territorial zilipelekwa Ufaransa kufanya kazi za vibarua na kuendelea na mafunzo, zikiwa na silaha chache mno. Tarehe 20 Mei, 1940, vifaru vya Ujerumani vilipovunja safu na kukimbilia baharini, divisheni mbili kati ya hizo, ya 12 na ya 23, zilijikuta njiani mwake. Watu wale walipigana kwa ushujaa, lakini ushujaa pasipo silaha ya kuzuia vifaru hauzuii vifaru. Divisheni hizo mbili zilivunjwa mwaka huohuo.

Kosa halikuwa la askari wale, bali la wale walioandika namba katika daftari wakadhani wameandika jeshi.

MFANO WA MAREKANI

Wamarekani nao walilijaribu jambo hili. Baada ya kuchoshwa na vita ya Vietnam, waliacha kuwalazimisha vijana kuingia jeshini mwaka 1973. Jeshi la kudumu lilipungua, na wakubwa wake wakaamua kwamba kazi nyingi za lazima ziwe mikononi mwa askari wa akiba na wa National Guard. Wengine walisema kwamba mpango huo una faida nyingine kubwa: Serikali haitaweza kwenda vitani bila kuwaita watu kutoka kila mji na kila kijiji, na kwa hiyo haitakwenda bila kwanza kupata ridhaa ya wananchi.

Jaribio kubwa lilikuja Iraki ilipoivamia Kuwait mwezi wa Agosti 1990. Zaidi ya askari wa akiba 200,000 waliitwa. Madaktari, wauguzi, madereva wa malori, wapakuzi wa meli na marubani wa ndege za mizigo walifika na kufanya kazi vizuri, kwa maana nyumbani pia walikuwa madaktari, madereva na marubani. Bila wao jeshi lisingeweza kwenda wala kula.

Lakini kwa brigedi za kupigana mambo yalikuwa tofauti. Brigedi ya 48 ya National Guard, kutoka Georgia, iliwekwa katika mpango iwe sehemu ya divisheni moja ya kudumu. Divisheni ilipoondoka, brigedi hiyo haikwenda nayo. Mahali pake pakachukuliwa na brigedi ya kudumu. Baadaye iliitwa ikapelekwa katika jangwa la California kufundishwa. Iliposemwa kwamba sasa iko tayari, ilikuwa tarehe 28 Februari, 1991, siku ileile vita ilipokoma.

Kuendesha kifaru kimoja ni jambo la kujifunza kwa majuma. Kuongoza mamia ya vifaru, mizinga na magari katika vumbi na giza, pamoja na mafuta na risasi zake, ni kazi ya kila siku kwa miaka. Mtu anayekuja mazoezini siku chache kwa mwezi, hata awe hodari namna gani, hawezi kuijua kwa muda huo.

UINGEREZA TENA

Sasa turudi kwenye tangazo la mwaka 2012. Mwaka uliotangulia tume iliyoongozwa na Jenerali Nicholas Houghton ilikuwa imechunguza hali ya akiba, ikaona kwamba imeachwa ikadhoofika, na Serikali ikaahidi pauni milioni 1,800 katika muda wa miaka kumi za kuijenga upya. Jina la Territorial Army liliondolewa, ikaitwa Jeshi la Akiba, ili watu wafahamu kwamba si chama cha kujifurahisha mwisho wa juma. Matajiri wenye biashara ndogo waliahidiwa pauni 500 kila mwezi kwa kila mfanyakazi atakayeitwa.

Nia ilikuwa njema, lakini kulikuwa na kasoro moja kubwa: kupunguza kulitangulia kuongeza. Askari wa kudumu waliondolewa kwa mikupuo minne kati ya mwaka 2011 na 2014. Batalioni zenye jina kubwa zilifutwa, miongoni mwao batalioni ya pili ya Royal Regiment of Fusiliers, na ile ya Argyll and Sutherland Highlanders ikabakizwa kombania moja tu ya kazi za heshima. Katika miji ambayo tangu zamani iliwapeleka vijana wake katika rejimenti hizo, watu waliandamana. Bwana John Baron, Mbunge aliyepata kuwa ofisa wa Fusiliers, alitaka jeshi la kudumu lisipunguzwe mpaka ionekane kwanza kama wa akiba watapatikana.

Hawakupatikana upesi. Mwezi wa Juni 2014 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za Serikali ilitoa taarifa ikasema kwamba idadi ya askari wa akiba waliofuzu ilikuwa haijaongezeka kwa miaka miwili, na kwamba mpango ule uliwekwa bila kuchunguza vya kutosha kama watu wengi kiasi hicho wangeweza kuandikishwa. Kazi ya kuandikisha ilikuwa imepewa kampuni ya watu binafsi, na mashine za kuandikia majina zikaleta taabu. Vijana waliotaka kujiunga walingoja miezi mingi mpaka wengine wakakata tamaa. Maana ya askari "aliyefuzu" ililegezwa baadaye, na hata hivyo siku iliyowekwa ilipita bila 30,000 kutimia.

Kwa upande wa jeshi la kudumu, lile lengo la 82,000, ambalo lilionekana dogo sana mwaka 2012, likawa tena kubwa kuliko watu waliopatikana. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza kulishusha zaidi hata karibu 73,000. Basi nchi ilipoteza wa mkono wa kuume kabla haijawapata wa mkono wa kushoto.

NI NINI KISICHONUNULIWA

Katika mambo hayo yote liko moja ambalo hesabu ya Hazina hailioni vizuri, nalo ni wakati. Bunduki huweza kununuliwa kwa mwaka mmoja. Kijana huweza kufundishwa kulenga shabaha kwa miezi. Lakini sajenti ambaye vijana watamfuata usiku wakati risasi zinalia, hutengenezwa kwa miaka kumi au zaidi. Sajenti huyo akiambiwa leo kwamba hahitajiwi tena, akapewa kiinua mgongo chake akaenda kuwa mlinzi wa ghala au dereva wa basi, kesho hakuna fedha itakayomrudisha akiwa vilevile, wala hakuna atakayewafundisha askari wa akiba waliotazamiwa kuchukua mahali pake. Hapo ndipo wengi husahau: akiba nzuri hufundishwa na jeshi la kudumu. Chemchemi ikikauka, mtungi nao hukauka.

Hata hivyo si haki kumdharau askari wa akiba. Katika Iraki tangu 2003 na katika Afghanistan, maelfu ya watu wa akiba wa Uingereza walitumika, na baadhi yao walikufa. Hospitali ya jeshi huko Camp Bastion iliendeshwa kwa zamu, na mara kadhaa zamu hiyo ilikuwa ya madaktari na wauguzi wa akiba, ambao huko nyumbani walikuwa wakitibu majeruhi wa magari barabarani. Hakuna jeshi la kudumu linaloweza kuwaweka kambini bure madaktari wakubwa wa upasuaji wakingoja vita. Ujuzi wao ungekufa kwa kukosa wagonjwa. Hali kadhalika wajuzi wa lugha, wa mashine za hesabu, wa reli na wa bandari.

Zaidi ya hayo, ziko nchi ambazo nguvu yake yote ni akiba. Finland, yenye mpaka mrefu na Urusi, ina jeshi dogo la kila siku, lakini katika vita hukusudia kusimamisha watu 280,000, na walio katika orodha ya akiba hufikia kama 900,000. Lakini huko sheria huwalazimisha vijana wa kiume kutumikia kwanza, kila mtu anajua adui atatokea wapi, na vita yao ingepiganwa katika misitu yao wenyewe. Mwenye kuiga Finland lazima aige na masharti yake, asiige bei peke yake.

HUKU AFRIKA YA MASHARIKI

Watu wa Afrika ya Mashariki waliliona jambo hili zamani. Vita ilipoanza mwaka 1939, King's African Rifles ilikuwa na batalioni chache tu. Ilipopanuka hata kupeleka watu mpaka Uhabeshi na Burma, shida kubwa haikuwa vijana wa kuandikishwa, kwa kuwa hao walikuwapo. Shida ilikuwa maofisa na masajenti wa kuwaongoza. Sehemu ya viongozi hao ilitoka katika Kenya Regiment, kikosi cha akiba cha walowezi kilichoanzishwa mwaka 1937, ambacho watu wake wengi waligawanywa katika batalioni za Waafrika. Na Waafrika waliokuwa askari wa zamani walipanda upesi wakawa nguzo za batalioni mpya. Kwa njia hiyo kikundi kidogo kilichofundishwa vizuri kilikuwa kama chachu katika unga mwingi.

Baada ya uhuru mambo yalipangwa upya. Katika Tanzania mgambo huhesabiwa kuwa Jeshi la Akiba, na katika Kenya sheria ya majeshi ya ulinzi ya mwaka 2012 ina masharti yahusuyo askari wa akiba. Kwa hiyo maneno yaliyobishaniwa London si ya wenyeji wa London peke yao.

KIPIMO

Basi, ikiwa fedha lazima zipunguzwe, zipunguzwe wapi? Mifano iliyotajwa inatoa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Kwanza, iulizwe kila kazi inahitajiwa baada ya siku ngapi. Kazi inayohitajiwa kesho asubuhi haiwezi kupewa mtu atakayefika baada ya miezi mitatu. Pili, iulizwe kama ujuzi wa kazi hiyo unapatikana katika maisha ya kawaida. Daktari, dereva na fundi wanaweza kuwa wa akiba. Brigedi ya vifaru ni vigumu. Tatu, mwenye kupunguza asipunguze la kudumu kabla la akiba halijasimama kwa miguu yake. Nne, kinachopewa jina la akiba kipewe na silaha, walimu na siku za mazoezi. Vinginevyo ni orodha ya majina tu.

Mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilitoa mapitio mengine ya ulinzi, na humo ikapendekezwa akiba iongezwe kwa sehemu moja ya tano fedha zitakapopatikana. Ahadi hiyo inafanana na zile za mwaka 1939 na 2012, na itapimwa kwa kipimo kilekile.

Mkulima mwenye busara huweka akiba ya mahindi ghalani, wala hasemi kwamba kwa sababu ghala limejaa hana haja ya shamba. Tena haachi ghala wazi kwa panya, kisha akategemea chakula wakati wa njaa. Akiba haiozi, wasema wazee. Lakini hapana mzee aliyesema kwamba akiba hujiweka yenyewe.